Mstari wa Tisini na Sita

Nakala ya Zornitsa Paunova ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na minne. Kati ya hiyo, mmoja ulikuwa wa uongo na mwingine ulikuwa umesogezwa hatua mbili kwenda chini. Iliyobaki yote ilikuwa sahihi kabisa, pamoja na vikohozi, miguno, na kila kimya kilichozidi sekunde tatu, kikiwa kimeandikwa kwenye mabano kwa tarakimu.

Usahihi huo haukuwa jambo geni kwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima maji ya kunywa ya mji wa Ruse, chupa kwa chupa, hadi mashine zilipoletwa na wapimaji sita wakabaki wawili. Yeye hakuwa miongoni mwa hao wawili. Akiwa na miaka arobaini na tatu alijiandikisha kusomea ushauri nasaha, kazi ya kukaa na mtu mwenye shida na kumsikiliza mpaka ajisikie mwenyewe. Shemeji yake alicheka siku ile mezani: "Umeacha kupima klorini, sasa utapima machozi!" Zornitsa hakuona cha kuchekesha. Alidhani kazi hizi mbili zinafanana. Unachukua kilichopo, huongezi wala hupunguzi, unaandika.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na sita na mafunzo yalikuwa yanaisha. Lilibaki jambo moja. Kila mwanafunzi hupeleka mbele ya kamati nakala ya kikao kimoja kizima, neno kwa neno, kilichonaswa kwa ruhusa ya mteja. Nakala ikishathibitishwa na msimamizi, sauti hufutwa ili siri ya mteja isije ikatoka. Baada ya hapo hakuna ajuaye kilichosemwa ndani ya chumba, isipokuwa wawili waliokuwamo na karatasi. Kamati ingekaa Septemba. Shule ya mtaani kwao ilikuwa imemwekea nafasi ya mshauri wa wanafunzi kuanzia siku ya kufungua, kwa sharti la cheti. Baada ya miaka mitatu ya kupika kwenye mkahawa wa shemeji, nafasi hiyo aliiwaza kila asubuhi alipoamka.

Mteja wa nakala hiyo aliitwa Vitan Gerchev. Alikuwa na miaka sitini na nne, mjane tangu Februari, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameendesha kreni bandarini, kwenye mto Danubi.

"Binti yangu ndiye aliyenituma," alisema siku ya kwanza, akiwa bado ameshika kofia mkononi. "Yuko Ujerumani. Ananiendesha kwa simu kama mimi nilivyokuwa naendesha makontena. Baba kula, baba lala, baba nenda ukaongee na watu. Haya, nimekuja. Tuongee nini?"

"Chochote unachotaka, Bwana Gerchev."

"Basi tuongee kreni."

Wakaongea kreni. Kituo kilikuwa kwenye jengo la zamani la chekechea, na ukutani, usawa wa magoti, bado palikuwa na ndoano za kutundikia makoti, kila moja na picha yake: bata, peasi, uyoga. Vitan alikaa chini ya bata akamwonyesha Zornitsa ishara za mikono. Kidole kinachozunguka kikielekea chini, shusha. Kikielekea juu, pandisha. Ishara hizo hutolewa na mtu mmoja tu aliyepangiwa, na mwendeshaji hamtii mwingine.

"Ila moja," alisema, akainua kiganja wazi mbele ya uso wake. "Simama. Hii anaitoa yeyote. Mfagiaji, mpishi, mtu aliyekuja kuomba kazi asubuhi hiyo hiyo. Ukiiona, unasimamisha mzigo hapo hapo ulipo hewani, na huulizi sababu. Mtu wa chini anaona usichokiona wewe wa juu."

Zornitsa aliandika: *anajieleza vizuri anapozungumzia kazi.*

Walikutana Jumanne moja kila baada ya wiki mbili. Kikao kilichonaswa kilikuwa cha tatu, Jumanne ya tarehe kumi na nane Juni. Kituo kilikuwa na dodoso la usingizi la maswali kumi na sita, ambalo lilitakiwa kujazwa kabla kikao cha tatu hakijaisha. Walikuwa wamefika swali la tisa, na saa ya juu ya mlango ilionyesha dakika ya arobaini na moja, zikibaki tisa.

"Nalala kwa saa tatu tu, labda nne," alisema Vitan. "Nikishaamka ndiyo basi. Naisikia simu."

"Simu gani?"

"Siku ile ya Februari tulikuwa kwenye mizabibu, mimi na wenzangu wa bandarini. Siku ya kupogoa." Akaipindua kofia yake. "Simu ililia mara tatu."

Zornitsa alisikia. Hili halikuwa na ubishi hata baadaye, alipotafuta njia ya kulibishia. Alisikia maneno, na alisikia pia kwamba sauti iliyoyasema haikuwa ile ya maswali manane yaliyotangulia. Lakini macho yake yalikuwa kwenye saa. Akainua mkono wenye kalamu.

"Bwana Gerchev, hapo tutarudi. Tumalize kwanza haya maswali, yamebaki saba tu. Kwa wiki, mara ngapi unaamka kabla ya alfajiri?"

Vitan aliutazama ule mkono. Zikapita sekunde kumi na moja.

"Mara tano," alisema.

Dodoso likajaa. Akashukuru, akavaa kofia, akatoka dakika mbili kabla ya wakati.

Jumapili iliyofuata, Zornitsa aliketi mezani jikoni na visikizio masikioni, akinakili. Bonyeza, sikiliza, rudisha, andika. Alipofika dakika ya arobaini na moja aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema *hapo tutarudi*, akarudisha nyuma. Alisikiliza mara nne. Ilikuwa sauti ya mhudumu wa posta anayemwambia mtu kwamba dirisha lake si hili.

Alijua kilichotakiwa. Jambo la kwanza walilofundishwa mwaka wa kwanza ni kwamba mtu akifungua mlango hata kwa upana wa kidole, huendi kufunga dirisha lingine. Unabaki pale. Unamrudishia alichosema ili ajue kimepokelewa. Alijua pia kamati ingeuona mstari huo kabla ya mingine yote.

Akaandika:

*96. Z: Ile simu ilinyamaza mwezi wa pili, lakini kwako bado inalia.*

*97. V: (kimya, sekunde 11)*

Swali la alfajiri akalisogeza likawa mstari wa tisini na nane, na jibu la *mara tano* likafuata. Kimya kilikuwa kilekile. Hakukiongeza wala kukipunguza hata sekunde moja. Lakini sasa kilisomeka kama kimya cha mtu aliyeguswa. Kile cha kweli kilikuwa cha mtu aliyezuiwa.

Halafu akaosha vyombo.

Msimamizi wao alikuwa Daktari Teodosia Ancheva, mwanamke wa miaka sabini na moja aliyesoma nakala za wanafunzi akiwa na penseli iliyochongwa kama sindano. Kila sentensi mbaya aliiwekea nukta. Ukurasa wenye nukta nyingi wanafunzi waliuita surua. Jumatano hiyo walikuwa watano kuzunguka meza. Ancheva alikwenda mstari kwa mstari kwenye nakala ya Zornitsa, akaweka nukta tisa, na alipofika wa tisini na sita akaiweka penseli mezani.

"Someni hapa," alisema. "Wote."

Wakasoma.

"Mmeona? Hakumfariji. Hakumpa ushauri. Hakumuuliza nani alikuwa anapiga. Amemrudishia chake, kisha akanyamaza. Sekunde kumi na moja! Krum, wewe ungefanya nini hapo?"

Krum alikuwa kocha wa mieleka kabla ya kuja kusoma, na shingo yake ilikuwa pana kuliko kichwa. "Mimi, mwalimu? Ningeshampiga mgongo nikamwambia, jikaze, mzee."

Wakacheka wote.

"Ndiyo maana wewe kila wiki una surua," alisema Ancheva. Kisha akamgeukia Zornitsa. "Lakini mstari wa tisini na nane umekimbilia usingizi. Kwa nini?"

"Niliogopa," alisema Zornitsa. Hilo lilikuwa kweli, na likamwingia Ancheva vizuri zaidi ya uongo wowote.

"Wote tunaogopa. Si neno. Wiki ijayo atarudi kwenye simu yake mwenyewe. Wewe mpe nafasi tu." Akaomba ruhusa ya kutoa nakala ya ukurasa huo, majina yakiwa yamefutwa, awafundishie wa mwaka wa kwanza.

Zornitsa akatoa ruhusa. Kusema hapana kungehitaji sababu.

Wiki iliyofuata Vitan hakuja. Na zamu iliyofuata hakuja. Utaratibu wa kituo ulitaka ujumbe mmoja baada ya kukosa mara mbili, basi. Mteja hafukuzwi wala hafuatwi. Zornitsa aliandika: *Bwana Gerchev, saa yako ya Jumanne bado ipo.* Jibu lilikuja baada ya dakika tano: *Asante. Silali vibaya tena. Salamu.*

Aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Lengo lilikuwa usingizi, usingizi umepatikana. Akafunga jalada kwa sentensi ya mistari miwili na kulirudisha kabatini. Lakini fomu ya kuthibitisha kwamba sauti imefutwa hakuisaini. Sababu aliyojipa ilikuwa ya maabara: sampuli haimwagwi kabla majibu hayajapokelewa. Sauti ikabaki kwenye kinasa, na kinasa kikabaki kwenye droo ya vijiko.

Mwezi wa Julai, koridoni, msichana wa mwaka wa kwanza alimsimamisha. "Samahani, dada. Ni wewe ule ukurasa? Ile 'bado inalia'?"

"Nani kakwambia?"

"Krum." Msichana alikuwa amebana daftari kifuani. "Nimeiandika kwenye jalada la ndani. Nikikwama naisoma."

Zornitsa alisema asante. Akirudi nyumbani aligundua kwamba amepitiliza vituo viwili vya basi, akarudi kwa miguu.

Tarehe kumi na nne Agosti alikuwa anatoka sokoni na aprikoti ndogo za manjano za kutengenezea jamu, zile za mwisho wa msimu zilizoiva hadi kupasuka. Njia ya mkato ilipita mbele ya jengo namba kumi na nne. Alijua Vitan anakaa humo, kama alivyojua anwani za wateja wote, na kwa kawaida alipita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo mfuko ulikuwa mzito.

Mlango wa jengo ulikuwa wazi, umezuiwa na tofali, ukiwa umeegemea ukuta. Kwenye kioo palikuwa na tanzia mpya, karatasi nyeupe yenye mpaka mweusi, kama zinavyobandikwa kwenye milango na miti ya mji mzima mtu anapofariki. Nusu ya karatasi ilizibwa na ukuta. Nusu iliyoonekana ilikuwa na jina la ukoo, GERCH, kwa herufi kubwa.

Zornitsa alisimama. Ule mfuko hakuuhisi tena. Kwa muda ambao hakuupima, aliyaona mambo mawili kwa pamoja na kwa uwazi wa kutisha: maneno *silali vibaya tena*, na mkono wake mwenyewe ukiinuka na kalamu, kiganja wazi, mbele ya mtu wa kreni.

Hakuwahi kuufikiria mkono ule. Haukuwa kwenye nakala kwa sababu haukuwa kwenye sauti. Alikuwa ameghushi sentensi, na muda wote aliamini kwamba ukweli kamili upo kwenye droo ya vijiko, umehifadhiwa. Kumbe haukuwa kamili hata huko.

"Umepotea, mama?" Mwanamke mzee alikuwa amekaa kwenye benchi kando ya mlango na beseni la maharage mapajani, akiyamenya. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu." Zornitsa alisogea, akauvuta mlango kidogo. Picha ikatokea: mwanamke wa makamo, nywele fupi, anacheka na kitu kilichokuwa nje ya fremu. *Nusu mwaka bila Pavlina Gercheva wetu mpendwa.* Chini, *mume na binti.*

Akaushikilia ule mlango.

"Ulimjua?"

"Hapana."

"Basi mbona umekuwa mweupe hivyo? Kaa. Kaa hapa kabla hujaniangukia kwenye maharage." Mwanamke akasogeza beseni. "Pavlina alikuwa mtu mzuri. Alikuwa anaangusha vibanio vya nguo kwenye balkoni yangu kila siku, nikawa na mfuko mzima wa vibanio vyake. Asubuhi hii Vitan kanipa ngano ya ukumbusho wa marehemu, tamu hiyo, sukari imezidi ngano! Nikamwambia, Vitan, umepika mwenyewe hii? Ndiyo. Nikala. Ufanyeje."

Zornitsa hakuuliza kitu. Hakuwa na ruhusa ya kuuliza. Kuuliza kungekuwa kukiri kwamba anamjua.

"Halali yule," aliendelea mwanamke. "Mimi naamka mapema kwa ajili ya mgongo wangu, namkuta hapa hapa kwenye benchi, kuna giza bado. Nikamwambia, nenda ukaongee na mtu, siku hizi wapo watu wa kazi hiyo. Akasema, nilikwenda. Enhe, wakasemaje? Akasema, walikuwa na kazi nyingi." Akatupa ganda. "Kazi nyingi! Si kazi yao ndiyo hiyo?"

"Ndiyo," alisema Zornitsa. "Ndiyo kazi yao."

Nusu ya aprikoti zilikuwa zimepondeka alipofika nyumbani. Alizitupa zote, akafungua droo ya vijiko, akapanda basi kwenda kituoni.

Ancheva alikuwapo, ingawa Agosti ni mwezi wa likizo. Alikuwa anachemsha kahawa kwenye kijibirika cha shaba juu ya jiko la umeme, akiikodolea macho isije ikafurika.

"Mstari wa tisini na sita sikuusema," alisema Zornitsa, akiwa bado mlangoni.

Ancheva aliitoa kahawa motoni. "Ulisema nini?"

"Sauti ipo. Sijafuta."

Wakaketi, kinasa katikati yao. Ancheva alisikiliza kwa visikizio, macho yamefumba, penseli haimo mkononi. Alirudisha nyuma mara moja tu.

"Kimya ni kilekile," alisema.

"Ndiyo. Kumi na moja."

"Nimewafundisha watu ishirini na wawili sentensi ambayo haikusemwa."

"Ndiyo."

"Ilikuwa nzuri mno. Mtu hasemi hivyo ndani ya sekunde mbili, anasema hivyo akiwa na Jumapili nzima na kifutio. Nilipaswa kuona. Hilo ni langu, nitalibeba mimi." Akavua visikizio. "Sasa unataka nikwambie nini? Kwamba umekosa, unajua. Kwamba si kitu, itakuwa nakala ya pili ya uongo."

"Kuna kingine. Hakimo humo." Zornitsa akainua mkono kama alivyouinua siku ile. "Nilifanya hivi. Yeye alikuwa mtu wa kreni. Alikuwa amenifundisha maana yake kikao cha kwanza, na niliandika kwamba anajieleza vizuri."

Ancheva aliutazama mkono.

"Ushushe, mwanangu," alisema.

Wakayapanga mambo kama yanavyopangwa. Nakala ingeondolewa kwenye kamati, kwa barua yenye sababu. Saa za mafunzo zilizohesabiwa kwa mteja huyo zingefutwa. Kamati nyingine ni Machi, kama wangekubali kumpokea, na wangeweza kukataa. Wa mwaka wa kwanza wangeambiwa darasani kwamba ukurasa ule si wa kweli, na Zornitsa angewaambia mwenyewe. Shule isingengoja hadi Machi, na hakuna aliyejaribu kusema kwamba labda ingengoja.

"Na yeye?" aliuliza Zornitsa. "Naweza kumpigia?"

"Kumpigia ili iwe nini?"

Zornitsa akakivuta kinasa karibu naye.

"Kama unampigia ili akusamehe, usimpigie. Ana mzigo wake, hakuja hapa kubeba wako. Wa kwako ulete kwangu, Jumatano, kama wenzako. Kama unampigia kwa ajili yake, utakuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia, kifupi, na hakitakuwa kizuri. Kiseme, kisha unyamaze. Kweli safari hii."

Alipiga siku ya pili, saa tano asubuhi, kutoka kwenye chumba chenye bata.

"Bwana Gerchev, ni Zornitsa Paunova, wa kituo cha ushauri."

"A, mwalimu wa usingizi! Salama?"

"Salama. Bwana Gerchev, tarehe kumi na nane Juni uliniambia kwamba simu ililia mara tatu. Nikainua mkono, nikakuuliza maswali ya karatasi. Nilikuwa nimekusikia. Sikupaswa kukusimamisha."

Upande wa pili palikuwa na redio, kisha redio ikazimwa. Zornitsa hakuhesabu sekunde.

"Mimi nilidhani umeona kitu," alisema Vitan hatimaye.

"Kitu gani?"

"Sijui. Mtu wa chini anaona. Nikajiambia, huyu ndiyo kazi yake, kasomea, na kanionyesha simama. Basi huu mzigo hauna pa kushushwa. Nikaondoka nao." Akavuta pumzi. "Kulikuwa na nini?"

Alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Lililo sahihi lilikuwa moja.

"Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na saa ya ukutani, na maswali saba."

"Maswali saba." Vitan akatoa mlio ambao ungeweza kuwa kicheko. "Nilikuwa natafuta kosa langu miezi miwili, mama. Kumbe maswali saba."

Zornitsa alikuwa na *nisamehe* mdomoni, zima, akaliacha humo humo.

"Jumanne bado ipo?" aliuliza Vitan.

"Ipo. Saa nne."

"Sisemi nakuja."

"Sawa."

Alikuja. Alikaa chini ya bata, akatafuta kwa macho juu ya meza. "Kale kadude ka kunasa kako wapi?"

"Hakapo. Hatutakatumia tena."

"Na karatasi?"

"Hakuna karatasi."

"Basi leo utanikumbuka kwa kichwa," alisema, na kwa robo saa akaongea juu ya ngano ya ukumbusho, jinsi Bi Stamena, jirani wa chini, alivyoila kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Akaongea juu ya binti, ambaye sasa alitaka baba ahamie Ujerumani akaishi kwenye chumba chenye zulia jeupe. "Zulia jeupe! Mimi na viatu vyangu hivi?" Akaongea juu ya aprikoti, kwamba mwaka huu zimeoza mapema. Zornitsa alimfuata kila alikokwenda. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma yake sasa. Alikuwa amehamisha kiti chake asubuhi hiyo, na hakujua ni dakika ya ngapi.

Kisha maneno yakapungua, kama maji ya bomba yanapokatwa mtaani. Vitan akaipindua kofia.

"Siku ya kupogoa wanaume tunakuwa wapumbavu," alisema. "Divai tangu asubuhi. Na kuna utani wetu, mke akikupigia ukapokea, wanakuvika taji la matawi ya mzabibu wanakuzungusha shamba zima, bibi harusi, bibi harusi. Mwaka jana walimvika Kosta. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Akaiweka kofia mezani.

"Simu ililia mara tatu."

Sentensi ikamjia Zornitsa pale pale, nzima, imepigwa pasi. *Ile simu ilinyamaza mwezi wa pili, lakini kwako bado inalia.* Ilikuwa kweli. Huenda ingemfaa. Lakini aliijua ilikozaliwa na ilizaliwa kwa ajili ya nani, na alijua kwamba akiisema sasa, atakuwa anasikiliza jinsi inavyosikika. Akaimeza.

Hakuja na nyingine mahali pake. Mikono yake ilikuwa magotini. Alihisi wa kulia ukitaka kufanya jambo, kurekebisha shati, kugusa nywele, akauacha ulale.

Vitan hakuwa anamtazama usoni. Alikuwa anatazama mikono, yote miwili, kwa makini ya mtu aliye juu sana na mzigo hewani.

"Mara ya kwanza ilikuwa saa nane na dakika ishirini," alisema. "Niliona jina la Pavlina. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye majani."